Mwalimu wa Kuvu

Kwanza niseme hili tusipotezeane muda: ukoo wake siujui. Wenyewe Garissa walikuwa wakimhesabia mababu mpaka pumzi zinawakatika, na kila babu akitajwa wanatikisa vichwa kwa heshima, lakini mimi mtu wa Lamu niliishia kwa baba yake, na hata huyo jina lake limenitoka. Sisi tulimwita Mwalimu wa Baiolojia. Wanafunzi walimwita hivyo, mkuu wa shule alimwita hivyo, na mama mmoja aliyekuwa akiuza anjera karibu na soko alimwita majina mengine, na huyo mama nitamfikia.

Nilipopelekwa kufundisha Kiswahili katika shule ile, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nilipewa nyumba iliyoshikana ukuta na yake. Jua la Garissa sina haja ya kulieleza. Aliyewahi kulionja analijua, na asiyelionja hataniamini. Katika jua hilo Mwalimu wa Baiolojia alivaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni, na kizibao juu yake. Nikamuuliza mbona anajitesa. Akaniambia ngamia naye ana manyoya na hajawahi kumsikia akilalamika.

Jioni ya kwanza alibisha mlango wangu akiwa na kikombe kitupu.

"Abaayo, uko na sukari?" Abaayo ni dada, na aliniita hivyo tangu siku hiyo mpaka mwisho.

"Ya chai?"

"Hapana. Ya hamira."

Nikadhani anapika mandazi. Nikampa, na kesho yake akaja tena, na kesho kutwa akaja tena, na mandazi sikuyaona. Siku ya nne nilimfuata mpaka kwake nikalione hilo tanuri. Loo! Dirishani pamepangwa chupa za dawa ya kikohozi, zimevishwa vitambaa vibichi visikauke, na ndani ya kila chupa kuna maji machafu yanayotoa mapovu. Hamira ilikuwa mifugo yake. Alikuwa akiilisha sukari yangu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kuuliza ni ya nini. Alikuwa amewahi kupelekwa ng'ambo kusoma shahada kubwa, na huko wakampa kitu kimoja cha kuchunguza, kimeng'enya fulani kinachofanya kazi ndani ya seli za hamira. Akarudi kabla hajamaliza. Kwa nini alirudi, alikuwa na majibu mengi: mara baridi, mara chakula, mara alikosa mtu wa kusalimiana naye asubuhi. Lakini kile kimeng'enya alirudi nacho kichwani, na hakuna mtu aliyekanyaga sebule yake akatoka bila kukisikia.

"Sikia abaayo," alisema. P zote kwake zilikuwa b, na v zote zilikuwa f, kama kwa wengi wa pale, ila sitaziandika zote. "Brotini ni kama ngamia. Ndani ya seli kuna mfungaji. Anakuja anafunga brotini kamba, hiyo kamba inaitwa fosfeti. Akishafungwa tabia inabadilika. Alikuwa amelala, sasa anafanya kazi. Ama alikuwa anafanya kazi, sasa anasimama. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Huyo mfungaji dunia nzima inamsoma. Wanamsifu, wanamwandikia fitabu. Lakini nani atafungua? Ukifunga ngamia jioni, na asubuhi hakuna mtu wa kufungua, uko na ngamia ama uko na jiwe? Basi kuna kimeng'enya kingine. Brotini fosfatesi. Yeye ni mfunguaji. Anatoa ile kamba. Bila yeye seli nzima inakwama, na hakuna mtu anamsifu."

Akanitazama macho yamejaa maji. Nilidhani ni moshi wa jiko, kumbe mtu analia kwa ajili ya kimeng'enya. Nikamwachia na ile sukari iliyobaki.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huo: anayefunga husifiwa, anayefungua husahauliwa. Aliutoa popote. Mvulana akisamehewa adhabu, aliutoa. Daraja la Tana likifunguliwa asubuhi msafara wa magari upite na askari wake, aliutoa. Na hapa nicheke kidogo, maana huyu bingwa wa kufungua hakuwahi kufungua kitu katika maisha yake. Viatu vyake vilikuwa vya kuchomeka mguu kwa sababu kamba za viatu zilimshinda. Kopo la maziwa alilileta kwangu. Kufuli alikuwa nazo nyingi kuliko milango, na funguo akizisahau darasani, msikitini, kwa kinyozi, mpaka mlango wake ukawa unafunguliwa kwa kisu cha jikoni kwangu. Na kinyongo! Mkuu wa shule aliwahi kuweka nyama ya ngamia ya wageni kwenye friji ya mafuta ya taa ya maabara, juu ya chupa za hamira, nyingine zikapasuka. Mwalimu wa Baiolojia alimsalimu mkuu kwa kichwa tu, bila mkono, muhula mzima. Nilipomkumbusha msemo wake akaniambia hiyo kamba bado iko kwenye utafiti.

Ufundishaji wake nao ulikuwa wa aina yake. Picha za kitabuni hakuziamini. Siku moja alimwomba mchungaji aliyeleta maziwa mjini amwazime ngamia, akamleta mpaka nje ya darasa la kidato cha pili. Wavulana wakamfunga miguu ya mbele, nao ni watoto wa wafugaji, wanajua wanachofanya. Mwalimu akaeleza: huyu ni brotini, kamba ni fosfeti, nyinyi ni mfungaji. Halafu akakunja mikono ya shati, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akifanya hivyo, akainama awe mfunguaji. Nimesema kamba zilimshinda. Alihangaika pale chini mpaka ngamia mwenyewe akageuza shingo kutazama kuna nini. Kamba ilipolegea, brotini ilipita katikati ya sukuma wiki za mkuu wa shule, ikaruka ua, ikashika njia ya mtoni, kidato cha pili kizima nyuma yake na mwenye mali mbele yao akilia.

Somo hilo lilikaa. Lilikaa hata kupita kiasi. Katika mtihani mvulana mmoja aliandika kwamba fosfatesi ni kimeng'enya kinachofungua ngamia, na msahihishaji wa shule nyingine akampa sufuri. Mwalimu wa Baiolojia alibeba karatasi ile ofisi hadi ofisi akitetea alama ya mvulana. "Nani amesema ni uongo?" aliuliza. Hakuipata hiyo alama.

Sasa tufike kwa mama wa anjera.

Mama huyu alikuwa mjane mwenye hoteli ya mabati karibu na soko, na madereva wa malori ya Dadaab walikuwa wakipiga breki kwake hata kabla ya kumwaga mizigo. Anjera yake, mkate mwembamba kama chapati ya maji, ilikuwa laini, chachu kidogo, imejaa macho, yaani vile vitundu vinavyoshika siagi na sukari. Rojo lake hakulianza upya. Kila siku aliacha kidogo chini ya chombo, na hicho kidogo kikachachua la kesho, na hivyo hivyo tangu kwa mama yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, naye alikuwa nesi pale zahanati ya mjini. Binti mzuri, mtaratibu, umri wa kuolewa ulikuwa umegonga mlango zamani ukachoka ukaketi nje. Baba yake alikuwa amefariki. Ami yake ndiye aliyekuwa walii wa kumwoza, lakini mji mzima ulijua ami hatii neno mdomoni kabla mama hajalitafuna. Waposaji walikuja, wenye mifugo, wenye maduka, hata mmoja mwenye lori. Mama akawarudisha wote. Huyu si kufu yake, alisema. Yule naye si kufu.

Nieleze neno hilo kwa asiyelijua. Kufu ni mtu wa kukulingana: dini, tabia, hali. Binti huozwa kwa kufu yake. Mama wa anjera alikuwa amelifanya neno hilo rungu.

Na Mwalimu wa Baiolojia alimpenda yule nesi. Hakuniambia, nilimjua kwa mapunye. Bweni letu lilikuwa limeingiliwa na mapunye, vichwa vya wavulana vina mabaka kama ramani, na dawa ilikuwa zahanati. Mtu mwenye akili angewapeleka wote kwa pamoja. Yeye aliwapeleka mmoja mmoja. Kila siku mvulana mmoja, mwalimu pembeni na kizibao chake, maili na maili kwa mguu katika lile jua. Mapunye yalipoanza kuisha alikuwa akikagua vichwa asubuhi kwa uso wa huzuni. Na wavulana wakaniambia nesi naye, akimaliza kupaka dawa, huuliza, "Mwalimu wenu mbona anabaki nje? Haumwi kichwa na yeye?"

"Mpose basi," nikamwambia. "Mficha uchi hazai."

"Mama yake hataki mimi."

"Umemuuliza?"

"Haina haja. Nilisema neno kwa hoteli."

Lile neno nililijua, kila mtu alilijua. Asubuhi moja hoteli imejaa madereva, mwalimu alichota kijiko cha rojo, akakimbia nacho maabara kukiangalia kwa hadubini, akarudi anahema kwa furaha akasimama mlangoni na kupaza sauti: "Eedo! Rojo yako imejaa ukungu! Mamilioni! Na wanazaa!" Eedo ni shangazi, kwa heshima. Dereva wa kwanza aliweka chini anjera yake. Wa pili akatema. Mama alimfukuza na upawa mpaka kituo cha mafuta, na tangu hapo akaapa kwamba mtu aliyesema chakula chake kimeoza, binti yake atamwona peponi.

Nilikasirika, si kwa sababu ya ndoa, kwa sababu ya Kiswahili. "Ukungu!" nikamwambia. "Ukungu ni mkate umeharibika, au ile hali ya mbinguni asubuhi ya baridi. Wewe unasema viumbe. Sema kuvu."

"Kufu."

"Kuvu. Meno juu ya mdomo wa chini. Vvv."

"Fff."

Nikamwachia Mungu. Lakini neno ni kuvu, na leo pia ningemwambia hivyo hivyo, wala simwombi mtu radhi.

Basi ikafika siku ya wazazi. Mkuu alitaka kila somo litoe mhadhara mfupi, na kwa vile kulikuwa na afisa wa elimu kutoka mbali, mihadhara iwe kwa Kiswahili, na ustadhi wa dini afasiri kwa Kisomali kwa wazee na akina mama. Mwalimu wa Baiolojia akasema atazungumzia mfunguaji katika seli za kuvu, maana hamira nayo ni kuvu. Ustadhi akachukua kipaza sauti, akapanda gari la shule, akazunguka soko zima akitangaza. Ustadhi naye v hana. Nilikuwa nanunua nyanya nikasikia kwa masikio yangu kwamba siku ya wazazi Mwalimu wa Baiolojia atasema mbele ya watu juu ya kufu.

Nyanya ziliniponyoka. Muuza nyanya akasema, "Hatimaye!" Mzee mwenye ndevu za hina akasema, "Anamaanisha mama ya anjera." Mpaka adhuhuri hakuna aliyekuwa na habari nyingine.

Nilikimbia nikamkuta mwalimu sakafuni anachora picha ya seli kwenye karatasi kubwa. "Mwalimu, watu wamesikia kufu! Wanadhani utazungumza ndoa! Badilisha jina, sema fangasi, sema hamira, sema chochote!"

"Haa, haa," akajibu, yaani ndiyo, ndiyo, ulimi nje, anapaka rangi. "Abaayo, hii kijani imezidi?"

Ndivyo alivyokuwa. Akishaingia ndani ya seli yake hata kengele ya chakula haikumtoa.

Siku ya wazazi sijawahi kuona watu vile. Turubai lilijaa, waliokosa nafasi wakapanda mti na ukuta. Wazee mbele na bakora zao, akina mama upande wa kulia. Na katikati ya akina mama, ameketi wima kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi, mama wa anjera, na binti yake ubavuni, shela imevutwa hadi nyusi. Nilijua kitu kimoja: mama akiondoka pale amekasirika, yule binti hatampata milele. Nikajisogeza karibu na jukwaa.

Mwalimu akatundika picha yake: duara kubwa, na duara dogo limeota ubavuni, yameungana shingoni. Hivyo ndivyo hamira inavyozaa.

"Leo," alisema, "nitasema juu ya kufu."

Ustadhi hakuwa na haja ya kufasiri. Wazee wakasema "Bismillah."

"Kufu ili iendelee lazima igawanyike. Hii kubwa ni mama. Hii ndogo ni binti."

Ustadhi akafasiri. Shingo zote zikageuka kulia, kisha zikarudi mbele kwa adabu.

"Mwanzo ni kazi ya mfungaji. Anafunga, anafunga, watu wote wanamsifu mfungaji." Ami wa binti akatikisa kichwa, kufunga ndoa anakujua. "Lakini tazama mwisho. Binti amekuwa mkubwa. Amekamilika, kila kitu anacho. Lakini mama bado amemshika hapa, shingoni. Hamwachii. Wanamngoja mfunguaji."

Hapo ustadhi alikwama. Kwa Kisomali kufungua ni fur, na fur hiyo hiyo ndiyo kuacha mke. Akatafuta neno lingine juu ya turubai, halikuwako, akasema fur. Minong'ono ikaruka. Mzee wa hina akasimama na bakora yake: "Ustadhi! Talaka kabla ya nikahi, hiyo iko kitabu gani?"

"Ni mfano," ustadhi akasema, jasho linamtiririka hadi kidevuni. "Nadhani ni mfano."

Nikamvuta mwalimu shati kwa nyuma. Nikamvuta tena kwa nguvu. Aliendelea kueleza fosfeti kwa furaha kamili. Afisa wa elimu alikuwa akiandika, maskini, kwamba wazazi wa Garissa wana hamu kubwa ya sayansi.

Ndipo mama wa anjera aliposimama. Hakumngoja ustadhi, alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Mwalimu. Nauliza."

Nikaachia shati.

"Hiyo mama kwa bicha yako. Yeye ni mbaya?"

"Hapana, eedo. Si mbaya. Yeye ndiye alimlisha binti mpaka akawa mkubwa."

"Sasa mbona nashika yeye?"

"Hajui namna ya kuachia. Hakuna mtu alimsaidia."

"Na huyo mfunguaji asibokuja?"

Mwalimu akaitazama picha yake, halafu akamtazama yeye. "Wanabaki hivyo hivyo, eedo. Wanakonda wote wawili. Binti anakonda, na mama pia anakonda."

Mama aliikaza shela yake kwa mkono mmoja. Kisha akakumbuka alichokuja nacho.

"Na ile siku ulisema chakula yangu iko na ukungu. Mbele ya watu."

"Nilisema neno baya," mwalimu akajibu. "Nilitaka kusema iko hai. Nimeangalia rojo ya kila hoteli ya hapa mjini. Zingine zimekufa nusu, ndiyo maana anjera yao haina macho. Yako wanakua, wanaachiana, wanakua. Sijaona nzuri kama hiyo hata ng'ambo."

Lo! Akina mama walicheka mpaka wakashikana, na wenye hoteli nyingine wakalaani, maana nao walikuwapo. Madereva waliokuwa ukutani wakapiga makofi. Mama alijaribu kukunja uso ukakataa kukunjika. Akageuka upande wa wazee.

"Ami yake wako wabi?"

Ami akainuka kwa mshtuko, bakora ikaanguka.

"Kaa na hii mwalimu," mama akasema. "Muongee."

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo nadhani vilisikika ng'ambo ya mto. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Baadaye nilimkuta Mwalimu wa Baiolojia nyuma ya maabara anakunja picha yake. "Unajua ulichofanya?" nikamwambia.

"Nimefundisha."

"Umeposa! Na umekubaliwa!"

"Mimi?" Akakaa chini juu ya ndoo. "Nimeposa nani?" Ikabidi nimletee maji.

Hadithi hiyo nimeisimulia katika kila chumba cha walimu nilichoingia, na nilirudi pwani nikaisimulia huko pia: habari ya mtu aliyeposa bila kujua. Watu wananiomba niirudie.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho nililetwa tena Garissa kwa semina ya walimu wa Kiswahili. Jioni nikaenda kumtafuta. Yeye na nesi walikuwa wameoana na kujenga nyumba bula moja, yaani mtaa mmoja, na mama wa anjera. Au tuseme mama alikuwa amehamia kwao, maana hoteli ilikuwa imeachiwa mpwa na yeye miguu ilikuwa imemchoka. Nesi alikuwa zamu. Mwalimu alinifungulia, kichwa kimeingia mvi, shati limefungwa hadi kooni vilevile. Akaniwekea chai ya maziwa ya ngamia na iliki.

Akaniletea karatasi chache ambazo mwanafunzi wake wa zamani alimtumia kutoka ng'ambo. Wachunguzi wa huko walikuwa wameshika kuvu mmoja mbaya, wa kupanda kwenye ubongo wa wagonjwa waliodhoofika. Walipomzuia mfunguaji wake, kuvu akashindwa kuvumilia joto la mwili wa binadamu. Joto tu lilimmaliza. Pengine siku moja itakuwa dawa.

"Wameona," alisema. "Nilikuwa nawaambia mfunguaji ni mkubwa. Sasa wameona."

"Huna uchungu?"

"Uchungu ninao, abaayo. Ningependa jina langu liwe hapo, hata chini kabisa, herufi ndogo." Akazikunja zile karatasi taratibu. "Nilizisoma usiku zilipofika, nikalia. Halafu nikafurahi. Vyote viwili."

Nikataka kumchangamsha, nikaanza hadithi yangu, jinsi ninavyoisimulia: nyanya zinavyoanguka, ustadhi na jasho lake, mimi ninavyovuta shati. Alicheka mahali pote panapochekwa. Nilipofika kwenye ndoo, "Nimeposa nani?", hakucheka. Alikuwa akinitazama kwa huruma.

"Abaayo," alisema, "mimi ni Msomali. Unadhani sikujua fur maana yake nini?"

Nikaweka kikombe chini.

"Na kufu. Nimesoma chuo cha Kurani nikiwa mtoto, nisijue kufu? Ustadhi ni mimi nilimwambia azunguke soko nzima, na arudie mara nyingi."

"Na mimi nilivyokuvuta shati?"

"Karibu unichanie. Nililinunua kwa ajili ya siku hiyo."

"Wewe mtu wewe!" Nilimtupia mto. "Kwa nini usitume wazee, ukaposa kama watu wanavyoposa?"

"Ningetuma, eedo angekataa. Na hapana yake ikishatoka mbele ya wazee, yeye mwenyewe hawezi kuirudisha, hata akitaka. Kwa hiyo sikuomba kitu. Angekasirika, mimi nilikuwa nafundisha baiolojia tu."

"Na masikini mama wa watu, mkamdanganya mbele ya mji mzima."

"Nani alidanganywa?"

Sauti ilitoka chumba cha ndani. Tulidhani amelala.

"Mimi nilijua siku hiyo hiyo," mama wa anjera alisema nyuma ya pazia. "Nauza chakula, si mjinga. Hiyo bicha ilikuwa ya hamira, na mtoto anaona."

"Sasa mbona ulikubali, mama?" nikauliza.

Kitanda kililia, nadhani aligeukia upande wetu.

"Wanaume wote walikuja hapa kusema nitoe binti. Tajiri, maskini, wote: toa binti, toa binti. Hii peke yake ndiyo ilisema mama pia anakonda."

Halafu mama akauliza kwa ukali kama chai imeisha au tunainywa sisi wenyewe tu, na Mwalimu wa Baiolojia akainuka, akammiminia kikombe, akampelekea.